Kadi Mbili kwa Kila Nyumba

Tangu niache kazi, ninyi wasichana wa dukani hamjaniacha nipumzike. Leo anakuja Joséphine na kadi iliyojikunja kama jani kavu, ameificha ndani ya kikwembe ili Madame asiione. Kesho anakuja Marthe, wino umemwagika juu ya jina la bibi harusi. Na kila mmoja ananiambia yale yale: "Mama Mapasa, utuandikie basi namna ulikuwa unatumika." Haya, ninaandika namna nilivyokuwa nikifanya kazi. Msitegemee kusoma nililipwa nini wala nilipandishwa lini. Nilianzia kwenye kiti cha meza ya nyuma na nimeachia kazi kwenye kiti hicho hicho, ila mto wake niliubadilisha.

Nilianza kabla sijaolewa. Kwetu ni upande wa Lukafu, baba yangu alikuwa mkulima, lakini nililelewa hapa Élisabethville kwa shangazi, na masista wakanifundisha kushona na kuandika kwa kalamu ya wino. Mmoja wa masista hao ndiye aliyenishika mkono akanipeleka kwa Madame Allegra, mjane mwenye duka la karatasi katika mji wa wazungu. Madame alitoka kisiwa cha Rhodes, mbali huko upande wa Ugiriki. Watu wengi wa cité, mtaa wetu sisi weusi, waliamini ni Rhodesia tu, hapo ng'ambo ya mpaka, wakawa wanashangaa kwa nini hajui Kibemba hata neno moja.

Siku ya kwanza nilidhani nitachora maua. Madame alinipa mfupa wa ng'ombe wa kugandamizia mikunjo, uliosuguliwa hadi ukawa laini kama sabuni, akanipa rundo la karatasi chakavu, akaniambia nikunje. Nilikunja hadi jua likageuka. Kila nilipomwonyesha kazi yangu, alipitisha ukucha kwenye mkunjo, kisha akaitupa karatasi chini ya meza.

"Unaisukuma," aliniambia. "Hapana kuisukuma. Karatasi iko na njia yake. Uishike hivi, uipinde kidogo, utasikia fasi inakubali na fasi inakataa."

Alisema kweli. Karatasi yoyote, hata ile nzito ya Ubelgiji, ina upande unaokubali mkunjo na upande unaopasuka. Joséphine, kadi yako imejikunja kwa sababu ulikata kabla ya kuijaribu. Pinda kwanza kwa vidole, upande huu na upande ule, kisha ndipo uchukue mkasi.

Jambo lililofuata kufundishwa halikuhusu karatasi. Mteja alipoingia kuagiza kadi ya ubatizo au ya mwaka mpya, Madame hakumuuliza anataka maua gani. Alimuuliza, "Itakaa wapi?" Kadi ya kuwekwa ndani ya kitabu cha misa haitiwi shanga wala uzi mnene. Kadi ya kusimama juu ya kabati sharti iwe na mguu mpana, maana milango ya nyumba zetu hufungwa kwa nguvu. Kadi ya kutundikwa kwenye msumari iandikwe jina kubwa, kwa sababu atakayeisoma amesimama, na pengine amebeba mtoto. Mtu akishakuambia kadi itakaa wapi, ameshakuingiza nyumbani kwake, na yaliyobaki atayasema mwenyewe bila kuulizwa. Sijaona swali bora kuliko hilo.

Wazungu walipita mlango wa mbele. Sisi na wateja wetu tulipita wa nyuma, karibu na mapipa, na usiku ukiingia kila mweusi asiye na karatasi ya ruhusa alitakiwa awe amesharudi cité. Nyuma ya kila kadi Madame alipiga muhuri wa Kifaransa wa kusema kwamba imefanywa kwa mkono. Mkono wa nani, hakuna aliyeuliza, nasi hatukuwa na haraka ya kuwaambia.

Wino mweusi ulitoka Ulaya, na ulikuwa mzuri. Kijani cha Ulaya kilikuwa bure kabisa. Ukiweka kadi karibu na dirisha, baada ya kiangazi kimoja majani yote yamegeuka majivu. Kijani chetu tulikitengeneza wenyewe kwa yale mawe ya kijani yanayodondoka kutoka kwenye mabehewa kando ya reli. Unayatwanga kwenye kinu kidogo, umefunga kitambaa chenye maji puani, unachekecha unga kupitia soksi kuukuu ya Madame, halafu unauchanganya na gundi ya mti. Kijani hicho hakifi. Kuna kadi zangu za zamani ambazo karatasi yake imeshakuwa rangi ya chai na majani bado yanawaka.

Aliyekuwa akiniokotea mawe hayo ni kijana wa karakana ya reli, jina lake Gaspard, mtu wa kaskazini, wa upande wa Bukama. Wasichana wenzangu waliletewa vikwembe na manukato. Mimi nililetewa mawe ndani ya kopo la mafuta ya mashine, na kila mara alikuwa ameyaosha. Tulifunga ndoa kabla ya mvua.

Kabla sijaingia kwenye mambo ya nyumbani, niwaambie juu ya mteja mmoja mgumu, maana Marthe amekuwa akilia kwamba wake ni wagumu. Alikuja mfanyabiashara wa samaki kutoka Kilwa, ile ya ziwani upande wetu, si ya pwani, anataka kadi ya mwaka mpya kwa mke wake. Nikamuuliza itakaa wapi. Akafikiri sana. Mkewe hakuwa na kabati wala msumari, alikaa kambi za kando ya ziwa, leo hapa, mwezi ujao kule, na kitu chochote cha thamani alikifunga kwenye pembe ya kikwembe chake. Basi nikamshonea kadi ya kitambaa chepesi badala ya karatasi, jina lake na samaki mmoja kwa uzi, iweze kukunjwa na kulowa. Alifurahi, akaniachia na furushi la samaki wakavu, Madame akafungua madirisha yote siku nzima. Mwaka uliofuata alirudi na malalamiko: mkewe ameifua, na uzi mwekundu umechuja. Niliishona upya, safari hii kwa uzi nilioufua mimi kwanza.

Sasa nyumbani. Nyumba yetu ya cité ilikuwa na meza moja. Asubuhi ilikuwa ya chai, mchana ya kadi, jioni ya bukari, ugali wetu, na mboga. Alipozaliwa Paul, mtoto wangu wa kwanza, Madame alikubali niende dukani asubuhi na kumalizia kazi nyumbani. Gundi ya nyumbani niliipika kwa unga wa muhogo, na Paul aliipenda kuliko uji wake. Siku moja alikula bawa zima la malaika wa kadi ya komunyo ya kwanza, ikabidi malaika yule ageuzwe ubavu. Alipokuja Bernadette, mtoto wa pili, nilijifunza kuandika jina la mtu huku nikinyonyesha, mkono mmoja huku, mwingine kule. Herufi zangu za miaka ile zinaegemea kidogo kushoto. Wateja walidhani ni mtindo.

Kila kiangazi mama yake Gaspard, Mama Umba, alishuka kwa treni kutoka Bukama kuja kutuona. Hakuwa mtu mbaya. Nalisema mapema ili msimchukie kabla hamjamjua. Lakini alikaa kwenye kigoda chake, akanitazama nikikata, na hakuweza kunyamaza.

"Muke anakata karatasi, mutoto analia. Njo kazi gani hiyo?" Kisha anamgeukia mwanawe. "Gaspard, siku moja utakuya kukuta batoto bameungua na moto, na mama yabo anachora maua."

Gaspard wangu, anayepiga injini za treni kwa nyundo tangu asubuhi, mbele ya mama yake alikuwa mdogo kuliko Paul. Aliniambia waziwazi, "Mama Paul, siku mama atasema uache, utaacha. Miye siwezi kugombana na mama juu ya karatasi." Kwa hiyo kila kiangazi nilifanya kazi roho mkononi, nikisubiri neno hilo moja. Niliipenda kazi ile. Sikuwa na njia nyingine ya kusema jambo, na kwenye meza ile niliweza kulisema kwa ajili ya watu mia wengine. Niliogopa kunyang'anywa kama mtu anavyoogopa kufungiwa nje ya nyumba yake mwenyewe.

Kisha Mungu akatupa mapacha, wasichana wawili. Mnaponiita Mama Mapasa mnadhani ni jina la heshima tu. Kwa watu wa mume wangu ni cheo, na kina sheria zake. Mama Umba alifika kwa treni ya kwanza, na fungu la pemba, ule udongo mweupe, limefungwa kwenye kitambaa. Majina hatukuchagua, yanajulikana: wa kwanza Kyungu, wa pili Kabange. Kila kitu kikawa viwili, vikombe viwili, nguo mbili, na anayemsalimu mmoja sharti amsalimu na mwenzake. Na mama wa mapacha hapewi pongezi. Anatukanwa. Anaimbiwa nyimbo za mambo ambayo huwa hayatajwi mchana, na kadiri matusi yanavyozidi ndivyo watoto wanavyofurahi na kukaa duniani. Mimi, mtoto wa Lukafu niliyelelewa na masista, mara ya kwanza nilijificha chini ya shuka. Kama karatasi hii itamfikia sista yeyote wa parokia, naomba airuke sehemu hii.

Kyungu alinenepa. Kabange alikuwa mdogo, ananyonya kidogo, anachoka, analala. Mama Umba alimtazama kila siku, akatikisa kichwa. Alijua sababu, au alidhani anaijua: ndugu hawajatangaziwa.

"Zamani mutu alikuwa anakimbia na pemba ku uso," alisema, "anaimba mu kila nyumba. Sasa bandugu beko mbali. Huyu ku Bukama, huyu ku Kabalo. Mapasa banakasirika kama habajulikani."

"Nitaandika barua, Mama," Gaspard akasema.

"Barua! Barua ni ya kodi, barua ni ya polisi. Mapasa habatangaziwi na barua."

Sikuwa na ruhusa ya kuzungumza katika jambo hilo, lakini mdomo wangu ulinitangulia. "Mama, na kama pemba yenyewe inaenda, juu ya karatasi?"

Akamtikisa Kabange mapajani. Nikaona sura niliyoizoea dukani, ya mteja ambaye hajui kwamba ameshaamua. Nikamuuliza, "Itakaa wapi, Mama?"

"Ku mulango," akajibu mara moja. "Fasi bageni banapita. Lakini mbili! Kila nyumba mbili, sawasawa, moja isipite ingine."

Sijawahi kuwa na mteja mkali kama yeye. Majina ya watoto hakutaka yaandikwe, akisema mwenye akili akiona pemba mbili ameshaelewa. Kila kadi iandikwe jina la mwenye nyumba, na chini yake tusi linalomfaa, alilolichagua yeye mwenyewe akicheka peke yake. Niliyaandika matusi yale kwa herufi zangu nzuri za komunyo. Pembeni niliweka kijani cha mawe yetu, na katikati Mama Umba alichovya kidole kwenye pemba, niliyoitia gundi kidogo isipukutike, akagandamiza. Nilitaka kuzifunga kadi kwa uzi, jozi kwa jozi. Akakataa katakata, watoto hawafungwi kamba. Tukazipanga tu, mbili za Mama Tekla dada yake, mbili za nani na nani, kufuata stesheni za kaskazini.

Kabla hazijaondoka aliniita mbele ya Gaspard. "Sikia, muke wa mutoto wangu. Kama ile makaratasi inaleta mambo mubaya, utaweka makasi chini. Sitasema mara ya pili."

Gaspard alitazama sakafu. Mimi nikakubali, "Eyo, Mama," na nilikuwa na maana hiyo.

Kadi alizichukua Léonard, rafiki wa Gaspard, aliyesimamia behewa la mizigo kwenye treni ya kaskazini. Hapakuwa na mtu mwaminifu kuliko Léonard kwenye reli nzima. Alilelewa kwenye nyumba ya yatima ya misioni, hakuwa na mke, hakuwa na shangazi wa kumfundisha mambo ya ukoo. Mtu kama huyo ukimpa furushi lako la nyama, atakufikishia na mifupa.

Aliporudi, alikuja moja kwa moja kwetu, kofia mkononi, anang'aa kwa furaha. Alitoa bahasha nene.

"Mama Paul, mulikosea," alisema. "Kila nyumba mulitia karte mbili, jina moja, maneno moja. Nilipeana moja moja. Hizi njo zenye zilibakia. Karatasi iko bei, haifai kupotea."

Mama Umba alikuwa amebeba sufuria. Aliiweka chini polepole sana.

"Balitenganisha batoto," alisema.

Léonard alitutazama mmoja baada ya mwingine, haelewi. Gaspard akamtoa nje na kumweleza uani, na nikasikia yule mtu mzima anaanza kulia. Maana ilikuwa hivi: pemba moja imesafiri, na mwenzake amebaki ndani ya bahasha. Na kule kaskazini, katika kila nyumba iliyopokea kadi, watu wanaona alama moja mlangoni. Pemba mbili ni mapacha. Pemba moja ni kwamba mmoja amerudi alikotoka.

Wiki ile ile Kabange aliacha kunyonya. Mwili ukawa moto, macho hayafunguki vizuri. Muuguzi wa zahanati alimpa matone ya dawa, akaniambia niongeze maziwa, kana kwamba nina mengine kabatini. Nilikuwa nimekauka. Kyungu alinyonya kila kilichokuwepo, na mwenzake alilala tu.

Mama Umba hakunikumbusha ahadi ya mkasi. Hakuhitaji. Nilimwomba Gaspard apite kwa Madame amwambie kiti changu ampe mtu mwingine. Alirudi na jibu kwamba Madame atangoja mwezi uishe, kisha atamchukua msichana mwingine, kwa sababu kadi za mwaka mpya haziwezi kusubiri. Nilikwenda jikoni nikalia huku nakoroga mboga. Nilimpenda mtoto kuliko kazi, hilo halina mjadala. Kilichoniuma ni kuamini, kwa siku zile, kwamba kazi ya mikono yangu ndiyo inayomtoa duniani.

Basi alasiri moja tukasikia nyimbo kutoka upande wa stesheni. Ni wanawake, wengi, na wanachoimba ni yale matusi ya mapacha, makali kuliko yote niliyokuwa nimeyasikia. Mama Umba alisimama, uso wake ukabadilika kabisa. Aliijua sauti iliyokuwa mbele. Ilikuwa ya Mama Tekla, dada yake mkubwa wa Kabalo, ambaye hawakuwa wameonana naye tangu Gaspard ni mtoto.

Sitasahau nyuso zile. Kwa watu hao pacha anayerudi haliliwi, ukimlilia unamwita na mwenzake. Kwa hiyo walikuwa wamevaa nguo za msiba, macho yamevimba, na midomo inaimba uchafu kwa nguvu zote, kuanzia stesheni hadi mlangoni kwetu, mbele ya polisi na mapadri. Walikuwa wamepanda treni kuja kumsindikiza mtoto wangu.

Mama Tekla aliingia wa kwanza. Aliona mkeka, na juu ya mkeka vichwa viwili. Wimbo ukakatika.

"Beko babili?" akauliza.

"Beko babili, yaya," Mama Umba akajibu kwa sauti ndogo; yaya kwao ni dada mkubwa.

Kabange akapiga chafya.

Mama Tekla alikaa chini pale pale alipokuwa, kilemba kikaanguka, akacheka hadi machozi, kisha machozi yakawa ya kweli. "Tulikuya kuzika mutu mwenye anapiga chafya! Kutoka Kabalo! Bila kula!" Wanawake wengine wakaangukiana, na nyumba nzima ikawa kelele.

Katikati ya kelele hizo kulikuwa na Agnès, binti wa Mama Tekla, amebeba mgongoni mtoto wake mkubwa anayekaribia kuacha ziwa. Agnès hakumuuliza mtu. Alimtua wake, akamwinua Kabange, akamtazama midomo, akakaa pembeni ya mlango na kumpa titi. Tulinyamaza mmoja mmoja hadi kila mtu alikuwa anasikiliza. Mtoto alitafuta, akakosa, akatafuta tena, akashika. Alinyonya kwa muda mrefu, akalala, akaamka, akanyonya tena. Hakuwa na laana mtoto yule. Alikuwa na njaa.

Wengine watawaambia ni ile pemba ya pili, kwa kuwa jioni ile Mama Tekla alizichukua kadi za Léonard na kuzigandisha zote mlangoni kwetu, watoto wakutanishwe. Wengine watasema ni matone ya zahanati. Mimi sibishani na yeyote, nilipokea vyote. Léonard alipofika kuomba msamaha, wanawake wa Kabalo walimtukana hadi giza lilipoingia, naye akaniambia baadaye kwamba hajawahi kuwa na ndugu wengi namna ile kwa siku moja.

Wakati wa kula, Mama Tekla aliishika kadi yake, ile moja iliyomfikia, akaigeuza huku na huku. "Kama zilifika mbili," alisema, "ningesema aksanti Mungu, na ningetuma kuku, basi. Ningebakia ku kwangu. Hii moja njo iliniinua ku mukeka." Mama Umba alikuwa akimmegea bukari, na mkono wake ulisimama hewani kidogo. Hakula sana siku hiyo. Alikaa karibu na dada yake, magoti yanagusana, kama wasichana.

Wageni walipoondoka, Agnès alibaki nasi hadi Kabange alipomfikia mwenzake kwa uzito. Jioni ya siku waliyoondoka, Mama Umba aliniita nje. Nilijua amekuja kulisema lile neno. Nilikunja mikono nikapiga goti kidogo, kama inavyotakiwa.

"Ile kiti yako kwa Madame," alisema, "bado iko?"

"Sijui, Mama. Mwezi unaisha."

"Wende kesho asubuhi, mbele mwingine hajaikaa. Batoto beko na miye na Agnès. Saa ya kunyonyesha utarudia."

Sikuamini masikio yangu. Nikamuuliza, kwa woga, "Lakini, Mama, ile makaratasi si ilileta mambo?"

"Ilileta yaya wangu," alisema, akaingia ndani.

Alituambia atakaa hadi mvua ziishe. Alikaa hadi tulipomzika hapa hapa, watoto wote wanne wakiwa wakubwa. Kadi zangu mnazozisifu, zile za harusi zenye ndege wa uzi, zile za rambirambi zenye ukingo wa kijani, nilizifanya kwa sababu yeye alikuwa na mtoto mgongoni na mwingine mkononi, na jicho kwenye moto. Mkiulizwa mimi nilijifunza kazi kwa nani, semeni Madame Allegra, ni kweli. Lakini ninyi mnaoniuliza mtawezaje kazi hii na watoto, jibu langu ni Mama Umba, na sijui nimwelekeze nani mwingine. Namshukuru kila siku, kwa sauti, hata nikiwa peke yangu.

Asubuhi ile niliamka, nikanyonyesha, nikafunga kikwembe safi. Nilipofika njiani, Mama Umba alitoka mlangoni, Kyungu mgongoni, Kabange kifuani. Akavuta pumzi, akaanza kunitukana. Alianzia miguuni kwangu akapanda juu taratibu, hakuruka kiungo, akaingia kwa maneno hadi chumbani mwetu, mimi na mwanawe, akaeleza. Majirani walitoka na vikombe vyao vya chai wakamwongezea. Sauti yake ilinifuata avenue nzima, hadi kona, hadi ng'ambo ya kona, na hakuna padri aliyewahi kunibariki namna ile.

Nilifika dukani machozi yanatiririka na meno yote nje. Kiti kilikuwa bado kitupu. Madame aliacha alichokuwa akikifanya, akaniuliza kuna nini.

"Mama mukwe wangu ananitukana, Madame," nikamwambia. "Bantu bote bamesikia."

Madame alikuwa na mama mkwe wake zamani, huko Rhodes. Aliniwekea mkono begani, akaniambia pole, pole sana, na akanitilia kahawa yake mwenyewe. Sikumweleza. Nilivuta kiti, nikakaa, nikachukua mkasi.